Fremu ya Chini, Mota Isiyokimbia

Urzeira, 14 Septemba 2022

Shangazi Etelvina,

Shikamoo. Naomba na baraka zako hapohapo mwanzoni, maana najua bila hivyo barua huendelei kuisoma. Huku tunaendelea. Zabibu tulimaliza kuchuma Jumamosi, chache na zimebabuka na jua, na divai ya mwaka huu nadhani itafaa kupikia tu. Mama mwili hajambo. Kichwa ndicho kinampotea siku mbili tatu kwa wiki. Juzi aliniita kwa jina la marehemu Baba akanigombeza kwa ulevi wa mwaka sijui gani. Nikaomba msamaha kwa niaba ya Baba, yakaisha. Dona Prazeres wa nyumba ya pili bado anakuja kukaa naye nikiwa kazini, na mshahara wangu ndio unaomlipa.

Sasa jambo lenyewe. Unajua Hermínio ndiye hunibeba kwa kigari chake hadi kiwanda cha jibini, kilomita ishirini na tisa kwenda, ishirini na tisa kurudi. Wiki jana alinivizia nikishuka:

“Adérito, tarehe thelathini na moja Desemba nazima hili gari. Mgongo umekataa.”

“Na mimi je?”

“Wewe una miguu, bwana. Mimi mwenzako hata hiyo imebaki ya kuazima.”

Basi la abiria walishaliondoa zamani, na gari langu niliuza masika. Mafuta yalinishinda. Kwa hiyo nakuomba. Ulinieleza, ulipomwagizia padri wenu, kwamba kiwandani kwenu kila mfanyakazi anaruhusiwa kuagiza baiskeli moja kwa mwaka na kuchagua kila kitu chake. Niagizie mimi ya umeme, yenye nguvu ya kupanda huu mlima wetu na mwenyewe nikiwa juu. Iwe imefika kabla ya mwaka mpya. Nikikosa cha kunifikisha kazini, kazi imekwenda, Dona Prazeres amekwenda, na Mama ataingia nyumba ya wazee. Sikuzungushi maneno, ndivyo ilivyo.

Wako,
Adérito

*

Águeda, 2 Oktoba 2022

Mwanangu Adérito,

Marahaba. Mungu akubariki, na akutie moyo wa kuandika hata pale usipokuwa na shida. Mimi mzima, ila goti la kushoto. Masikio yamezidi kuzibika. Jana mhasibu alinipigia kelele dakika tano nikadhani ananisifu, kumbe nimekaa kwenye kiti chake. Jumapili tulikuwa harusini kwa binti wa msimamizi wetu. Nguruwe mchanga aliokwa vizuri, ngozi inapasuka kwa kijiko, lakini bwana harusi yule simwoni akifika Pasaka. Msalimie mama yako Zulmira. Mwambie wifi yake anamkumbuka, na kama amenisahau mwambie mimi ndiye mnene.

Fomu nimechukua, kurasa mbili, na kuiunganisha baiskeli huchukua wiki sita tangu vipimo vifike. Sikiliza vizuri maana hapa ndipo watu hujutia.

Mota ziko tatu. Ya kwanza hukaa ndani ya gurudumu la nyuma. Hiyo sikupi. Miaka ishirini na sita nafunga spoku, na naona vile mota za gurudumu zinavyozikata mlimani. Ya pili hukaa katikati, penye pedali, na inasukuma pamoja na mguu wako. Hiyo ni ng'ombe wa kulimia: haikimbii, lakini mlima haiukatai, na kwa sheria inaacha kusaidia ukifika kilomita ishirini na tano kwa saa. Ya tatu ni hiyohiyo ila imefunguliwa mpaka arobaini na tano. Ina namba ya usajili, ina bima, na kwenye fomu kuna kisanduku cha kuandika leseni yako ya udereva. Mtu mwenye haraka zako nadhani ataitaka ya tatu.

Fremu ziko mbili, ya juu ya kiume, na ya chini ambayo unapitisha mguu katikati bila kuurusha. Halafu mnyororo au mkanda wa mpira. Chukua mkanda, haunywi grisi na hauchafui suruali. Betri moja au mbili. Eksileta ya mkononi, ile unayozungusha ikakupeleka hata kama miguu imelala, au pedali tupu. Tairi nyembamba au nene.

Nipimie mguu kwa ndani, kutoka sakafuni hadi suruali inapoishia. Simama wima bila viatu, na Zulmira asikushikie futi.

Halafu nieleze, gari uliuza kwa nini hasa? Lilikuwa gari zuri.

Shangazi yako,
Etelvina

*

Urzeira, 20 Oktoba 2022

Shangazi,

Shikamoo. Baraka tafadhali. Tunashukuru kwa barua. Mama alicheka sana pale pa mnene, akasema “Etelvina huyo! Alinilia mkate wangu wote njiani,” na siku nzima akawa na akili zake. Mvua imeanza. Prazeres ameng'oa jino na sasa anaongea zaidi kuliko kabla.

Mguu wangu ni sentimita themanini na moja. Nimechagua hivi. Mota ya pili, ile ng'ombe wako. Ya namba ya usajili siitaki. Fremu ya chini. Najua utanicheka, cheka. Betri mbili kama inawezekana. Mkanda. Tairi nene. Eksileta ya mkononi usiniwekee kabisa, na uwaulize hili kwa hakika: nikiacha kupiga pedali, mota nayo inazima papo hapo? Au inaendelea kusukuma kidogo? Nataka izime papo hapo.

Tena kama kuna mahali kwenye usukani pa kufunga kibamba chenye jina langu na simu ya Prazeres, niwekee. Na kofia ya kufunika mpaka kidevu, kama wanazo.

Gari nilishakueleza. Mafuta.

Hermínio anaanza kuhesabu siku kwa sauti kila asubuhi, kama mfungwa. Zimebaki sabini na mbili.

Wako,
Adérito

*

Águeda, 12 Novemba 2022

Mwanangu,

Mungu akubariki. Jana ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Martinho. Tulichoma njugu uani kwa jirani, tukafungua divai mpya, mbaya kweli, tukainywa yote. Nilirudi nyumbani nikaisoma barua yako mara ya nne.

Fomu iko kwa msimamizi. Anasema betri mbili hazikai kwenye fremu ya chini, kwa hiyo uchague upya. Kama ni betri mbili, chukua fremu ya juu. Kama ni fremu ya chini, betri ni moja, na utalazimika kuichaji kazini kabla ya kurudi. Mota inazima papo hapo, nimewauliza. Akaniuliza, “Ni ya mzee?” Nikamwambia hapana, ni ya mpwa wangu, ana miaka thelathini na sita na mabega ya mbeba mizigo. 

Adérito, nitakuambia jambo kisha nitalinyamazia. Ulikuwa na miaka tisa. Ulitoka kwenye kiti katikati ya supu, macho yakageuka, miguu ikapiga sakafu, na mimi ndiye niliyekushika kichwa. Mara tatu mwezi ule. Mimi na mama yako tukatembea kwa miguu siku tano hadi kwa Bikira wa Fátima, tumebeba kichwa cha nta kama chako, tukakitupa pale wanapochoma nta pamoja na miguu na mikono ya watu wengine. Ahadi tuliyoiweka unaijua, tulikufundisha mapema kuliko sala. Ukipona, jina la ule ugonjwa halitatamkwa tena na mtu wa nyumba yetu, wala hatutauliziana. Hukuanguka tena.

Kwa hiyo siulizi. Nauliza mambo ya baiskeli peke yake. Unataka taa ya betri au ya mota? Stendi ya mguu mmoja au miwili? Keria ya nyuma ya kubeba kilo ngapi? Kioo cha pembeni je? Rangi ziko sita, nakutumia vipande. Usijibu haraka, fikiri.

Na unalala vizuri? Unakula?

Shangazi yako,
Etelvina

*

Urzeira, 3 Desemba 2022

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ilikaa posta siku tisa, posta yetu sasa inafungua Jumanne na Ijumaa tu. Tuko salama. Mama ana mafua. Tulichinja nguruwe wa Hermínio Alhamisi, nimekuwekea soseji mbili moshini.

Betri moja, basi. Fremu ibaki ya chini. Nimeongea na msimamizi wangu, Laurindo, akasema naweza kuchaji kwenye chumba cha kubadilishia nguo, “mradi usituunguzie jibini.” Taa ya mota. Stendi ya miguu miwili. Keria ya kilo ishirini na tano. Kioo ndiyo. Rangi ya kijani. Au nyeusi. Rangi ni rangi, Shangazi, nipe hata ya waridi.

Nalala vizuri. Saa nane nzima kila siku, naingia kitandani mapema kuliko Mama. Divai nimeacha tangu Februari, kwa hiyo za Martinho nadhani ulininywea na zangu.

Yale mengine uliyoandika nimeyasoma.

Ulisema kuiunganisha kunachukua wiki sita. Leo ni wiki ya sita tangu nikupe vipimo. Zimebaki siku ishirini na nane za Hermínio, na ameshaanza kufua vitambaa vya viti ili aliuze gari. Niambie tarehe. Moja tu, ya hakika, niweze kumwambia Laurindo.

Wako,
Adérito

*

Águeda, 21 Desemba 2022

Mwanangu,

Mungu akubariki, na Krismasi njema kwenu. Natuma kofia ya sufu, soksi jozi mbili, na keki. Samaki mkavu wa Zulmira mloweke siku mbili, si moja kama mwaka jana mlipokunywa maji usiku kucha.

Nina habari mbaya ya baiskeli. Mota zimekwama. Meli imechelewa, au forodha, kila mtu anasema lake. Msimamizi anasema labda Februari. Nimegombana naye mpaka watu wakatoka nje kutazama. Nifanyeje, mwanangu, mota sizitengenezi mimi. Mimi ni spoku tu.

Nimefikiri hivi. Kwa nini usikodi chumba mjini, karibu na kiwanda cha jibini, ukafika kwa miguu? Zulmira aje kwangu. Chumba kipo, na sitamnyima mkate. Ukiwa mjini kuna watu, kuna zahanati, kuna mtu wa kukuona ukitoka na ukirudi. Huko barabara yote ile ni korongo upande mmoja na jiwe upande mwingine. Haraka haraka haina baraka.

Na kijani ziko mbili, ya zeituni na ya chupa. Hukuniambia ipi.

Shangazi yako,
Etelvina

*

Urzeira, 24 Januari 2023

Shangazi,

Shikamoo. Mama anashukuru kwa keki. Kwako haji. Nilimtajia tu, akafunga mlango wa chumba chake kwa ufunguo, akapiga kelele kwamba nataka kumwuza. Hapa anajua choo kiko wapi hata akili ikimtoka. Kwingine hatajua. Kwa hiyo chumba cha mjini hakipo.

Kijani ya chupa.

Nitakueleza ninavyokwenda kazini siku hizi ili uwaeleze hao wa mota. Naamka saa tisa. Natembea kilomita tisa kushuka hadi barabara kuu, gizani, na barafu imekaa kila kona. Saa kumi na mbili lori la maziwa linapita, na dereva akiamka vizuri ananichukua. Asipoamka vizuri nasimama mpaka atokee mwingine. Jioni ni vilevile kwa kupanda. Usingizi wangu ni wa saa nne tu, mara nyingine tatu. Mwezi huu nimechelewa mara tano. Laurindo ameniita mbele ya wote:

“Adérito, wewe ni rafiki yangu.”

“Najua.”

“Maziwa si rafiki yako. Yanaganda saa ileile, uwepo usiwepo.”

Akanipa karatasi ya onyo la pili. La tatu ni mlango.

Jumatano niliteleza barabarani. Dereva wa maziwa alinikuta nimelala pembeni, akanifuta uso kwa kitambaa chake cha kufutia kioo. Nimejiuma ulimi, supu inaniwasha, ni hilo tu. Barafu.

Shangazi, ondoa vyote. Ondoa kioo, keria, kofia, kibamba, mkanda weka mnyororo, betri yoyote. Nipe tairi mbili na ile mota ya pili. Kama mota hakuna kwenu, niambie, nitafute kwingine, lakini usinikalishe nikingojea. Sina tena siku za kungojea.

Wako,
Adérito

*

Águeda, 9 Februari 2023

Adérito mwanangu,

Leo sianzi na goti.

Mota zipo. Zilikuwepo tangu Septemba, zimejaa stoo mpaka mlangoni. Fomu yako haijawahi kufika kwa msimamizi. Iko kwenye droo ya meza yangu ya kitandani tangu Oktoba, na kila ulipoandika chaguo lako nililijaza kwa kalamu ya risasi kisha nikaifungia tena. Betri mbili zingekaa vizuri kwenye fremu ya chini. Lile swali la msimamizi pia nililitunga. Nilikudanganya miezi minne.

Sikuweza. Ulipoikataa mota ya haraka nikajua huna leseni. Ulipotaka fremu ya chini nikajua unafikiria kushuka ghafla. Ulipouliza kama mota itazima miguu ikisimama, nikajua kila kitu. Mtu mzima haulizi hivyo bila sababu. Kibamba cha jina ndicho kilichonimaliza. Nilikuona kwenye korongo, gurudumu linazunguka, na gurudumu nimelifunga mimi. Nisingeweza kufunga spoku nyingine maishani.

Na kwa nini sikukuuliza? Kwa sababu ya ahadi. Niliogopa nikilitamka litarudi, na huku nilishajua limerudi. Upumbavu wa namna gani huo, sijui. Wazee walisema mficha maradhi kifo humwumbua, sisi kuficha tukakufanya sadaka. Barua yako ya Januari, pale pa ulimi, niliisoma nikajua haikuwa barafu.

Basi nalitamka. Ni kifafa. Una kifafa, mwanangu. Ulikuwa nacho utotoni na kimerudi. Nimelisema jikoni kwangu kwa sauti mara tatu, peke yangu, na paka akatoka.

Nenda kwa daktari. Kesho. Siku hizi kuna vidonge, hapa kiwandani kuna msichana wa idara ya rangi anavimeza na ana watoto wawili. Nenda kwanza kwa daktari, akikuruhusu, nitaipeleka fomu siku hiyohiyo na magurudumu nitayafunga mwenyewe, spoku thelathini na sita kila moja. Au njooni kwangu nyote wawili, hata kama Zulmira atanifungia mlango wangu mwenyewe.

Nisamehe. Jibu upesi.

Shangazi yako,
Etelvina

*

Urzeira, 19 Machi 2023

Shangazi,

Shikamoo.

Nimekaa na barua yako wiki tano. Nilianza kujibu mara nyingi, nikachana. Nimekukasirikia sana, na hasira bado ninayo nikiandika hapa, kwa hiyo usitafute mahali nitakaposema imekwisha.

Kwa daktari nilikwenda. Nilikwenda Februari ya mwaka jana, siku ya pili baada ya kuanguka. Nilianguka nikipasua kuni, tarehe kumi na saba. Daktari wa mjini ni mwanamke, mpole. Akanipa vidonge, viwili asubuhi na viwili jioni, sijakosa hata kimoja. Leseni nilimpelekea mwenyewe, gari nikauza. Tangu hapo sikuanguka. Baada ya miezi sita akaniambia kazi naweza kwenda kwa baiskeli, na nikitimiza mwaka mmoja mzima bila kuanguka tutazungumza habari ya leseni.

Yale yaliyokutisha ni orodha yake. Alinitajia nikaandika kwenye karatasi ya dawa: isikimbie, fremu ya chini, mota izime mguu ukisimama, isiwe ya kuzungusha mkononi, kofia ya kidevu, jina kwenye usukani. Divai hapana. Na usingizi wa saa nane, hilo alilipigia mistari miwili. “Vidonge vyangu vinafanya kazi nusu,” alisema, “nusu nyingine ni mto wako.” Kila kitu nilichokuandikia nilikinakili kutoka kwake. Kama ungeniuliza ningekueleza. Hukuuliza, na mimi sikusema, na sote wawili tukadhani kila mmoja anamtunza mwenzake.

Ile ya Januari haikuwa barafu, umebashiri sawa. Ilikuwa tarehe kumi na nane, nimepata usingizi wa saa tatu tu. Mwaka ungetimia baada ya siku thelathini. Tarehe tatu Februari nilianguka tena, kiwandani, karibu na sufuria la maziwa ya moto, na Laurindo ndiye aliyenivuta kwa mkanda wa suruali. Alilia wakati ananipa karatasi. Barua yako ilinikuta sina kazi kwa siku kumi na moja. Tangu hapo nimeanguka mara nne. Daktari amenibadilishia vidonge, sasa nalala mchana kutwa na usiku silali. Ameniandikia mpya: hakuna baiskeli, hakuna ngazi, hakuna kufunga mlango wa bafu. Kwa hiyo fomu yako ichane.

Utauliza kwa nini sikukwambia mapema. Januari ya mwaka jana Mama, akili imemtoka, alimsimulia Dona Prazeres habari zote za utoto wangu, na lile neno akalitaja kwa jina lake, anacheka, mimi nasikia kutoka jikoni. Mwezi uliofuata nikaanguka. Mimi siamini mambo hayo. Lakini yeye anaamini, na zile siku akili zikimrudia angejua aliyevunja ahadi ni nani. Nikaona afadhali nimfiche, na ningekwambia wewe ungemwambia yeye. Ungeweza kunyamaza, naona sasa. Ulikuwa hodari kuliko nilivyodhani.

Prazeres ameacha, ana haki. Binti wa ustawi wa jamii alikuja mara mbili. Alituhesabu, wawili wa kutunzwa na hakuna wa kututunza. Mama amepata nafasi nyumba ya wazee, mjini, kilomita mbili mbele ya kiwanda cha jibini. Niliuliza nitakwenda vipi kumwona. Binti akatazama karatasi zake, akasema kuna watu wengine wanapata lifti. Kwako tusingeweza kuja, Shangazi, na sasa nadhani nisingependa.

Watamchukua tarehe tatu Aprili. Sijamwambia. Kila asubuhi ananiuliza mbona siendi kazini, na mimi namwambia leo Jumapili. Basi anavaa koti lake jeusi na kitambaa cha kichwani, anakaa kwenye kiti cha mlangoni ananingoja nimpeleke misa. Ikifika saa sita namwambia misa imekwisha, tumeshatoka. Anavua koti, ananiuliza padri alihubiri nini.

Adérito